Firigisi ya Mama Lugano

Nikisema "Nimesimama!" ninyi mnaitikia "Hatujaanguka!" Haya. Nimesimama!

Nimewasikia, lakini ninyi wa nyuma mnaitikia kama mnaoumwa jino. Nimesimama! Naam, hapo sawa.

Kabla sijaanza, inukeni wote. Inukeni bwana, hadithi haikimbii. Simameni kwa mguu mmoja. Sasa fumbeni macho. Ehee! Mnajiona? Watu wazima na ndevu zenu mnarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Kaeni chini. Nilitaka tu mjue kwamba kusimama ni kazi, na kwamba kuna wanaoifanya kazi hiyo ndani yenu kutwa kucha bila kuambiwa asante. Leo tutashukuru. Shida ni kwamba shukrani yenyewe ni kipande kimoja cha nyama, na mwishoni nitawauliza kiende kwa nani. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, mimi sirudii.

Katika kijiji cha Ilolela, kwenye vilima vya Rungwe ambako mvua ikija hukaa kama mgeni asiyejua kuaga, waliishi watu watatu, kila mmoja amejaliwa chake.

Wa kwanza ni Gwakisa, fundi uashi. Huyu alijaliwa jicho. Angesimama mbali na ukuta, akakunja uso, akasema, "Huo umelala kulia, upana wa punje ya ulezi." Wakiteremsha timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, wanakuta kweli umelala. Watu walisita kumkaribisha chakula, maana picha ya ukutani ikiwa imekaa upande, Gwakisa hali mpaka ainuke akainyooshe.

Wa pili ni Subilaga, mkanyaga udongo wa matofali. Huyu alijaliwa nyayo. Alikanyaga udongo pekupeku tangu usichana wake, na mguu ulimwambia kila kitu: hapa maji yamezidi, hapa kuna kokoto, hapa mchanga haujatosha. Viatu alivaa kanisani tu, na hata huko alivivua wakati wa mahubiri. Ila huyu alijaliwa na mdomo pia. Mdomo wake nitaufikia.

Wa tatu ni nesi Bupe wa zahanati. Alijaliwa sikio. Mgonjwa akisema "naumwa kichwa", yeye alisikia na yale ambayo mgonjwa ameyameza. Alikutazama tu, kimya, mpaka unajikuta umemweleza na habari za mama mkwe wako.

Sasa njooni kwa mwenyewe, Mama Lugano. Jina lake la kuzaliwa ni Tusajigwe. Gwakisa ni mdogo wake wa tumbo moja, na Subilaga ni wifi yake, dada wa mumewe. Binti yake, Lugano, alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto, na siku ilikuwa imeshapangwa.

Ukoo ule ulikuwa na utaratibu wake. Siku ya kumpeleka binti, mama mzazi hubeba chungu cha maziwa ya mgando kichwani, kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa wakwe, mikono ikiwa chini. Akikigusa chungu, hata kwa kidole, wakwe watasema mama bado amemshikilia mwanawe, hajamwachia. Watamrudisha binti kwao kwa upole kabisa, na harusi itangoja mwaka mwingine. Mama Lugano hakuwa na wasiwasi. Alikuwa akibeba ndoo, kuni na mikungu ya ndizi kichwani tangu akiwa na miaka sita, na angeweza kugombana na mtu njiani mzigo ukiwa umetulia juu ya ngata.

Wiki saba kabla ya harusi, aliamka asubuhi akaweka mguu chini, na nyumba ikazunguka. Akashika kitanda, kitanda nacho kikazunguka. Alitapika siku tatu. Siku ya nne nyumba ilitulia, lakini kutembea kulikuwa kumemtoka. Alikwenda mrama, akivutwa kushoto, akishika miti na kuta za watu.

Jumapili akajikongoja mpaka kanisani. Subilaga akamwona anavyoyumba kwenye ngazi. Hapo ndipo mdomo ulipofanya kazi yake. "Wifi yangu siku hizi anaamkia kilabuni," akamnong'oneza mwenzake, akicheka. Aliwaambia wanawake wawili tu. Wimbo wa mwisho ulipoimbwa, kanisa zima lilikuwa linajua, na mzee wa kanisa akamwomba Mama Lugano "apumzike kwanza" kuimba kwaya. Mama wa watu alirudi nyumbani akilia, na kulia kukazidi kumyumbisha, na waliomwona wakasema, si mnaona?

Nyumbani kwake walimpenda, hilo siwezi kulikana. Mumewe alimfunga kichwa kwa kitambaa, akafunga dirisha, akamlaza. Akitaka kuinuka, watu wawili walimshika makwapani. Kwenda chooni, watu wawili. Kukaa kitako, watu wawili. Kila siku aliyopendwa hivyo, miguu yake ilizidi kusahau.

Lugano akaja akakaa kando ya kitanda. "Mama, tumwombe shangazi abebe chungu."

"Shangazi ndiye aliyekuzaa?"

"Basi tuahirishe. Nitangoja."

"Hapana, mwanangu. Nikiahirisha mimi, wakwe watasema ndio ule ulevi." Akageukia ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Lugano alimwona mama yake amekata tamaa.

Hapo akaingia nesi Bupe. Alikaa, akamsikiliza Mama Lugano saa nzima. Kisha akamtazama machoni kwa karibu, akaona macho yanateleza polepole upande mmoja na kurudi kwa kushtuka, yanateleza na kurudi.

"Huyu hajalewa," akasema. "Ugonjwa uko sikioni."

"Mbona anasikia?" akauliza Gwakisa, ambaye alikuwa amekuja kumjulia hali dada yake.

"Sikio lina kazi mbili, fundi. Wewe una pimamaji?"

"Ninayo. Bila kuyatazama maji yake nitajuaje tofali limelala sawa?"

"Basi Mungu naye ameweka pimamaji ndani ya kila sikio. Ukiinamisha kichwa au ukigeuka, maji yake yanacheza, na mshipa wa fahamu unapeleka habari kwenye ubongo. Mshipa wa kushoto wa dada yako umeugua. Wa kulia unasema tumetulia, wa kushoto unasema tunazunguka, na ubongo haujui umwamini nani."

"Utapona?"

"Huenda ukapona wote, huenda nusu. Lakini ubongo unaweza kujifunza upya, mradi upewe kazi. Mkimlaza hivi, utajifunza kulala tu." Akafungua dirisha, akakifungua kile kitambaa. "Haya mama, geuza kichwa kulia. Sasa kushoto."

"Nesi, kichwa kinazunguka!"

"Najua. Geuza hivyohivyo."

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, nesi Bupe alipita pale. Kulia, kushoto, juu, chini. Kwanza Mama Lugano akiwa amekaa, kisha amesimama, kisha anatembea. Mama Lugano alimchukia mno. Siku moja akamtapikia viatu. Nesi akavifuta kwa majani, akasema, "Kesho nitakuja na ndala," na kesho yake akaja na ndala.

Gwakisa alisikia lile neno pimamaji, likamkaa moyoni. Jioni ya siku ileile ya kwanza alitundika timazi yake kwenye kizingiti cha mlango wa dada yake. "Dada," akasema, "dunia yako inazunguka, lakini kamba hii haizunguki. Miaka ishirini nimejenga nayo, haijanidanganya hata siku moja. Ishike kwa macho."

Mama Lugano akaishika kwa macho. Akageuza kichwa, macho yakabaki kwenye kamba. Akaiendea, hatua tatu, hatua tano, hatua kumi. Gwakisa akafunga vitambaa vyekundu kwenye migomba, kimo cha macho, kutoka mlangoni mpaka mtoni, na kila alasiri walitembea, jicho likitoka kitambaa hiki kwenda kile. Nyumba aliyokuwa akiijenga ilibaki haina paa. Mwenye nyumba alipiga kelele mpaka akachoka, mvua ikamnyeshea ndani, na Gwakisa hakurudi kazini.

Subilaga alikuja wa mwisho, kwa aibu. Nesi alikuwa amemweleza. Alisimama uani, hakuthubutu kuingia.

"Wifi," akasema, "nilisema umelewa."

"Nilisikia."

"Sina hata pa kuuweka uso wangu."

Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya ibada, hakungoja kuitwa, akasema mbele ya watu wote, "Wifi yangu ni mgonjwa. Kilichokuwa kimelewa ni mdomo wangu." Jamani, mnajua inavyouma kusema vile mbele ya watu ambao wewe ndiwe uliyewachekesha? Kisha akaenda kwa wifi yake, akazichukua kandambili zake, akazificha juu ya dari.

"Kuanzia leo, pekupeku," akasema. Akamwagia udongo uani, na mchanga, na pumba za mpunga, na kokoto. Akamfunga macho kwa kanga. "Uulize mguu, wifi!"

"Mguu unajua nini?"

"Uulize! Umekanyaga nini?"

"Kokoto. Chini ya dole gumba."

"Na mwili umelalia wapi?"

"Kushoto."

"Nani kakuambia, nawe umefungwa macho?"

Mama Lugano akaukandamiza mguu chini. "Kisigino," akasema, na wote wawili wakaanza kucheka, Subilaga akicheka na kulia. Basi ikawa kila siku kabla jua halijazama: uulize mguu, uulize mguu. Alianguka mara nyingi. Subilaga hakumshika makwapani, alimwacha ainuke mwenyewe.

Nesi aliwaambia kwamba kule kisogoni, chini, kuna kipande cha ubongo kisichozidi ngumi ya mtoto. Macho yanapeleka habari, masikio yanapeleka, nyayo na maungio yanapeleka, kila kimoja kwa mishipa yake ya fahamu. Kipande kile kinasaidia kuzilinganisha zote na kurekebisha misuli, wewe mwenyewe hujajua hata kama ulikuwa unaanguka. Mama Lugano aliposikia hayo alishika kisogo chake kwa mkono, akakipapasa kama anayemliwaza mtoto. "Maskini," akasema, "na mimi nilikufunga kitambaa."

Siku ikafika. Nimesimama!

Naam. Chungu kikawekwa kichwani, maziwa mpaka shingoni, mikono chini. Wanawake mbele wakiimba, Lugano nyuma amefunikwa kanga. Mimi nilikuwemo, nikiimba sauti ya pili, na roho yangu ilikuwa mkononi.

Hawajafika mbali, wakakuta jirani anachoma majani mabichi. Upepo ukageuka, moshi ukatanda njia nzima. Macho yake yakajaa machozi, vitambaa vyekundu vikapotea, dunia ikapotea. Waimbaji wakakatiza wimbo kwa kikohozi. Mama Lugano akauuliza mguu. Mguu ukamwambia hapa pameinama kushoto, hapa kuna mzizi, hapa ni tambarare. Hatua kwa hatua akatokea upande wa pili, macho mekundu, chungu kimetulia. Bila nyayo alizopewa na Subilaga, maziwa yangemwagika kwenye moshi ule.

Wakafika mtoni. Kivuko kilikuwa kizima, lakini kuupanda ukingo wa pili kulikuwa balaa tupu, mvua ya usiku ule ilikuwa imeugeuza uji. Mguu ukikanyaga unasema nimeshika, mara unasema nateleza. Hata Subilaga mwenyewe alizama mpaka kwenye vifundo, akasema, "Wifi, leo usiuulize mguu, unadanganya!" Gwakisa alikuwa ametangulia. Amesimama juu ya ukingo, mkono ameunyoosha mbele, na kwenye mkono timazi inaning'inia. Mama Lugano akaishika kamba ile kwa macho, akapanda. Mguu ukateleza, jicho halikuachia, mwili ukajinyoosha kuifuata kamba. Bila jicho alilopewa na Gwakisa, chungu kingebaki mtoni.

Wakaingia uani kwa wakwe. Zimebaki hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Ndipo bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekaa kushoto, akaita kwa nguvu, "Mama Lugano!"

Loo! Mkubwa akikuita kwa salamu unamtazama usoni. Huwezi kumpita kama mgomba, tena kwa wakwe, tena siku hiyo. Na Mama Lugano, kwa mazoea ya heshima, aligeuza kichwa ghafla kushoto, upande uleule wa ugonjwa, kabla hajafikiri. Nikafumba macho. Baadaye alituambia nyumba ya wakwe ilizunguka, mara moja, ndogo, kisha ikakaa mahali pake, kama ilivyokuwa ikikaa kila asubuhi nesi akimwambia geuza hivyohivyo. Maziwa yalicheza ndani ya chungu. Hakuna hata tone lililotoka. Akaitikia salamu, akamuuliza bibi habari za magoti yake, akaendelea. Bila asubuhi zile za nesi Bupe, angeanguka mbele ya wakwe wote.

Mlangoni, mama mkwe akakipokea chungu. Hapo ndipo Mama Lugano alipoinua mikono yake kwa mara ya kwanza tangu atoke kwake. Akamfunua Lugano uso, akamfuta machozi, akasema, "Mwanangu, nimekuachia." Watu wakapiga vigelegele.

Wiki moja baadaye akachinja jogoo, akawaalika wale watatu, na mimi kwa sababu ya kuimba. Akasimama mbele yetu akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Asante sana. Akarudia mara tatu, akimtazama kila mmoja, na machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kisha akaleta nyama.

Sasa mnajua wote: kuku ana mapaja mawili, mabawa mawili, lakini firigisi ni moja. Na firigisi hapewi mtu hivihivi, anapewa anayeheshimiwa kuliko wote waliokaa. Kwa kawaida angekula mume, lakini mume alikwisha kuinua mkono. "Leo msinitazame mimi. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Mama Lugano akaiweka kwenye sahani peke yake.

"Mpe nesi," akasema Gwakisa. "Asingetambua ugonjwa, tungemlaza mpaka leo. Mimi ni ndugu, ndugu anafanya tu."

"Mimi ni kazi yangu," akasema nesi Bupe. "Mpe Subilaga, aliyeungama mbele ya kanisa zima."

"Mimi niliyemchafulia jina?" akasema Subilaga. "Nilikuwa narudisha nilichoharibu. Tena firigisi ni ya wanaume. Mpe Gwakisa."

"Mambo hayo ya wanaume yaacheni," akasema Mama Lugano. "Kuku ni wangu."

Sahani ikazunguka mara mbili. Mnafikiri wana adabu sana? Ngojeni. Mara ya tatu Gwakisa akakohoa, akasema, "Ila kusema kweli, pale mtoni..." Subilaga akadakia, "Mtoni angefikaje bila kupita kwenye moshi?" Nesi Bupe, mpole yule, akasema taratibu, "Na hatua kumi na mbili za mwisho je?" Wakatazamana, wakacheka, na kicheko kikaisha, na firigisi iko palepale.

Mama Lugano ameishika ile sahani kwa mikono miwili, amesimama kati yao, hayumbi hata kidogo. Anasema, "Ningemkosa mmoja wenu, nisingefika. Nimpe nani?"

Na ninyi msiniambie ikatwe. Firigisi iliyokatwa vipande vitatu ni kitoweo tu, heshima imeishia kwenye kisu. Kuna anayetaka kusema ale Mama Lugano mwenyewe, kwa sababu aliyeanguka na kuinuka ni yeye, na kisogo kilichokusanya habari zote ni chake. Nimekuona unainua kidole. Sijakukatalia. Lakini yeye ndiye aliyetaka kushukuru, na sasa unataka ajishukuru mwenyewe?

Mimi nilipewa shingo, nikaila, nikaondoka kabla hajaamua. Kwa hiyo nawaachia ninyi. Aliyempa jicho, aliyempa nyayo, aliyelizoesha sikio, au mwenye kisogo chake? Je, wewe ungempa nani?

Ila hapa kwangu hakuna kujibu umekaa. Inuka. Mguu mmoja. Fumba macho. Hoja yako itasikilizwa kwa muda utakaokuwa umesimama, na ukianguka, hoja imeanguka nawe. Na wakati unaongea, sikiliza kidogo huko chini na huko kisogoni, uone ni wangapi wanaokushikilia.

Haya, nani wa kwanza? Nimesimama!